Trekta Niliyoitangazia Kifo

Nilikuja Marekani na kitu kimoja tu cha kujivunia, masikio. Kwetu Uasin Gishu baba yangu alikuwa dereva na fundi wa trekta za kukodi, zile zinazohama kutoka shamba moja la ngano hadi jingine, na alinifundisha kusikiliza injini kwa kipande cha mpini wa jembe. Unaweka ncha moja kwenye chuma, ncha nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, unafumba macho, unanyamaza. Ukifungua mdomo kabla hajakuuliza, unakula kofi. Nilipofika Saint Paul kusomea uhandisi wa kilimo, nilikuwa nimekula makofi ya kutosha kujua beringi inavyolia na valvu inavyolia.

Kwa kibali cha chuo nilifanya kazi Jumamosi katika karakana ndogo ya mashine za shamba, kaskazini ya Brooklyn Park, pale ambapo nyumba za kupanga zilikuwa zinaisha na mashamba ya viazi yalikuwa bado hayajaisha. Mwenye karakana alikuwa Mzungu asiyependa maneno. Mteja akimpigia simu kulalamika kwamba injini inapiga kelele isiyoeleweka, alinitazama tu na kunirushia ufunguo wa pikapu. Nilipenda sana kurushiwa ufunguo ule. Sitajifanya sikupenda.

Kisha baba akafariki. Ilikuwa mwezi wa pili, katikati ya miaka ya tisini. Niliambiwa kwa simu nikiwa nimeshika kikombe cha chai, na baada ya simu nikamaliza chai yangu. Sikwenda kumzika, kwa sababu makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa yanabadilishwa, na kutoka Marekani kungekuwa ni kutoka moja kwa moja, bila kurudi. Watu wa kanisa wa Brooklyn Park walikuja na mandazi na termosi, wakaimba, wakaomba, mama mmoja akalia kwa niaba yangu hadi akahitaji kiti. Mimi nilikuwa nawaza wataondoka saa ngapi nioshe vikombe.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa kwa miezi miwili. Nilikuwa nakula, nasoma, naendesha gari, najibu watu. Ungenichoma sindano ningekuambia asante.

Mwezi wa nne, theluji ilipobaki kwenye kingo za barabara tu, nilirushiwa ufunguo. Mteja alikuwa mzee wa miaka themanini hivi, mjane, mwenye kipande cha shamba kilichozungukwa pande tatu na nyumba mpya zenye paa za rangi moja. Nilimwita "mzee" tangu siku ile ya kwanza, kwa Kiswahili, maana ulimi wangu ulikataa kumwita kwa jina mtu wa umri ule. Hakuuliza maana yake. Aliitika tu.

Binti yake alikuwepo pia, mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya hospitali chini ya koti. Yeye ndiye aliyenieleza mambo yalivyo, akiwa amekunja mikono. Alitaka baba yake ahamie kwake Maplewood. Baba hakutaka. Walikuwa wamezozana majira yote ya baridi, na mwishowe wakawekeana sharti: trekta ikifanya kazi, mzee atapanda viazi mwaka huu na atabaki nyumbani kwake. Trekta ikishindwa, lori la vyuma chakavu litakuja Jumamosi ijayo saa nne, litaibeba, na mzee atabebwa na gari la binti yake.

"Kwa hiyo tuambie ukweli," alisema. "Usimpe matumaini ya bure."

Mzee alikuwa amesimama karibu na trekta, mkono juu ya boneti, anatazama viatu vyangu.

Ilikuwa trekta nyekundu ya zamani, ya petroli, silinda nne, rangi imepauka. Mzee aliiwasha. Ilishika mara moja, na hapo hapo nikaisikia ile kelele, ko, ko-ko, ko, chini chini, kama mtu anagonga mlango na hana uhakika ni nyumba yenyewe. Nilitoa bisibisi yangu ndefu, nikaiweka ubavuni mwa injini, nikaweka mpini nyuma ya sikio, nikafumba macho.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosa adabu. Nilisikia kwamba kugonga kule hakukuwa na mpigo. Beringi iliyokufa hugonga kwa hesabu, kila mzunguko na pigo lake, huwezi kuikosa. Kelele hii ilikuwa inarukaruka, inapotea, inarudi mara mbili, inanyamaza. Nilisikia kabisa. Baba angeniambia nivue waya wa plagi moja, nisikilize, niurudishe, nivue wa pili, hadi zote nne, maana beringi mbovu hubadilisha sauti ukiizimia silinda yake. Ni kazi ya dakika tano. Sikuvua hata mmoja. Nilitaka kuondoka pale. Mkono wa mzee ulikuwa bado juu ya boneti na sikutaka kuutazama.

Na geji ya oili, ambayo sindano yake hushuka beringi zikichakaa, ilikuwa mbele ya pua yangu. Sikuiangalia, na hili sikulifanya kwa uvivu, ni mazoea. Kwetu geji za trekta ni mapambo. Trekta za kukodi zinakuja kwako zikiwa na geji zilizopasuka vioo, sindano zimelala upande mmoja tangu enzi za wazungu, na fundi anayeangalia geji watu wanamcheka. Tunasikiliza. Haikunijia akilini kwamba kuna mtu duniani ambaye geji yake inasema kweli.

Nilisimama, nikafuta bisibisi kwa kitambaa.

"Imenoki," nilisema, halafu nikatafuta Kiingereza chake. "Beringi za krenki zimekwisha. Injini imekufa, mzee. Kuitengeneza ni kujenga injini nyingine."

Mzee aliizima. Binti yake alifumba macho kidogo, nikadhani anafurahi, lakini uso wake haukuwa na furaha yoyote. Mzee akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akanishukuru, akanipa mkono, akaingia ndani.

Nikarudi karakana nikala sandwichi yangu.

Lazima niseme na jambo jingine, maana bila hilo mtanidhania mvivu tu. Mwezi wa kwanza, baba akiwa hai, alikuwa amenipigia simu kutoka mjini. Alikuwa anakohoa. Alikohoa katikati ya salamu, katikati ya habari za ng'ombe, halafu akanitania, "Haya fundi, unasikiaje hiyo injini?" Nami nikacheka nikamwambia, "Vumbi la ngano tu, baba. Itatoka." Akacheka na yeye. Wiki tano baadaye alikuwa kaburini. Tangu hapo sikuwa na hamu tena ya kumwambia mtu yeyote kwamba kitu chake ni kizima. Ukisema kimekufa, hakuna atakayerudi kukudai.

Nilikuwa naishi na vijana wawili wa kwetu katika nyumba ya vyumba viwili. Mmoja alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Burnsville, na gari lake, kigari cha bluu kilichochakaa, lilikuwa limepaki nje tangu Krismasi. Alikuwa amelitelekeza baridi ilipozidi, akawa anaomba lifti kwa wenye magari mazima. Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya lori kwenda kwa mzee, alilitia betri mpya, akaliwasha, na akaja kunivuta kutoka kitandani.

"Injinia! Toka bana, gari inalia kama imemeza vijiko."

Nilitoka na soksi. Alipowasha hita, kweli, ndani ya dashibodi kulikuwa na mngurumo wa ajabu, trrr, ka, trrr.

"Beringi ya feni," nikamwambia bila kuinama. "Imekufa."

"Wee! Kila kitu kwako kimekufa siku hizi," alisema. "Nikikuletea mguu wangu unauma, utasema nichimbiwe shimo?"

Akapiga dashibodi ngumi kwa hasira, akazungusha swichi ya hita hadi mwisho, na kutoka kwenye tundu la hewa zikaruka kokwa za mwaloni. Moja ilimpiga kwenye paji la uso. Nyingine tatu zikaanguka mapajani. Akapiga yowe. Tulifungua kasha la feni, tukakuta kokwa mbili tatu nyingine, nyasi kavu, na vipande vya karatasi ya chipsi. Kindi walikuwa wamefanya ghala humo miezi yote ambayo gari lilikuwa limesimama.

"Kindi, Injinia!" Rafiki yangu alikuwa anacheka hadi anashika mlango. "Aki, panya wa miti wamepanga nyumba bila kulipa!"

Sikucheka. Nilikaa chini kwenye lami. Kwetu trekta hailali. Ikimaliza ngano inakwenda kwenye mahindi, ikitoka hapo inabeba mawe, inabeba maharusi, na ikiharibika inatengenezwa pale pale shambani, mvua ikinyesha. Trekta iliyosimama miezi mitano ghalani sikuwahi kuiona maishani mwangu. Nilikuwa nimemuuliza mzee mambo yote ya kufanya kazi kwa trekta yake, saa ngapi, oili gani, mzigo gani. Sikumuuliza ililala wapi, wala nani alilala nayo.

Nilipiga simu shambani, ikalia bila jibu. Nikapiga tena saa moja baadaye, hivyo hivyo.

Jumamosi asubuhi sikungoja ufunguo. Nilikwenda kwa gari langu mwenyewe, na nilipoingia uani ilikuwa saa tatu na nusu na lori lilikuwa limeshafika, limekuja mapema. Dereva alikuwa anafunga mnyororo kwenye ekseli ya mbele. Masanduku yalikuwa barazani, yamefungwa kwa utepe wa gundi. Binti alikuwa anabeba taa ya mezani kwenda garini. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi amevaa suti, suti kabisa, na tai, kama mtu anayekwenda kanisani au mahakamani.

"Nilikosea," nilimwambia kabla ya salamu. "Naomba nusu saa."

"Ulisema una hakika," binti akasema. Aliweka taa chini. "Uliniangalia machoni ukasema una hakika."

"Nilisema hivyo, mama. Nilikosea."

Alinikasirikia, na alikuwa na haki. Alisema baba yake hakula siku mbili. Alisema sasa ametulia, amekubali, na mimi nakuja kumtibua tena. Dereva wa lori alitazama saa yake. Mzee ndiye aliyemaliza ubishi. Aliinuka, akapita katikati yetu na suti yake, akafungua mnyororo kwa mikono yake mwenyewe, akaiwasha trekta.

Ko, ko-ko, ko.

Kwanza niliangalia geji. Sindano ilikuwa imesimama juu, imara, oili inasukumwa vizuri kama injini changa. Nilijisikia joto la aibu masikioni. Kisha nikavua waya wa plagi ya kwanza, injini ikayumba, kelele ikabaki ile ile. Wa pili, ile ile. Wa tatu, wa nne, haikubadilika hata kidogo. Haikuwa beringi, na haikuwa ndani ya injini kabisa. Nikarudi nyuma na bisibisi yangu, hatua kwa hatua, hadi kwenye kasha la klachi, ambamo mnazunguka flaiwili, lile gurudumu zito la chuma. Kugonga kukanijaa kichwani.

"Izime, mzee."

Nililala chini ya trekta kwenye matope. Chini ya kasha lile kuna kifuniko cha bati chenye bolti nne, na pembeni yake palikuwa na tundu pana kiasi cha vidole vitatu, mahali ambapo kifuniko kilikuwa kimejikunja siku nyingi. Nilifungua bolti ya mwisho na bati likaniangukia kifuani, na nyuma yake zikamwagika kokwa. Kokwa nyeusi, ngumu, zile ambazo wenyeji wanazivunja kwa nyundo, za mti mkubwa uliokuwa nyuma ya ghala. Zilinimiminikia shingoni, mdomoni, ndani ya kola. Nyingine zilikuwa zimepasuka na kusuguliwa hadi zikang'aa. Niliingiza mkono nikatoa majani, nyasi, pamba ya godoro, na kokwa tena, hadi vidole vikagusa chuma kitupu.

Nilitoka chini nikiwa mchafu tangu nywele. Nikamwambia mzee awashe.

Ikawaka. Ikanguruma taratibu, silinda nne, kila moja kwa zamu yake, na hakukuwa na kitu kingine. Dereva wa lori akasema neno moja la mshangao ambalo silitafsiri, akakunja mnyororo wake, akaondoka. Binti alisimama akilitazama rundo la kokwa. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha uchovu, akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Sharti ni sharti," akamwambia baba yake. "Trekta inafanya kazi. Utabaki." Akanyanyua taa ya mezani akairudisha ndani ya nyumba.

Nilidhani mzee atafurahi. Nilikuwa nimesimama pale nasubiri afurahi, nikijua kwamba akifurahi nitakuwa nimelipa. Yeye alikaa juu ya trekta yake na suti, anaisikiliza.

"Nilikuwa na mbegu," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza, kwa sauti ya kawaida tu, bila kunilaumu. Mkewe alikuwa na viazi vyake, mbegu aliyokuja nayo kwenye ndoa kutoka kwa mama yake, na kila mwaka walivuna, wakaweka vingine kwenye chumba cha chini cha nyumba, wakapanda hivyo hivyo mwaka unaofuata. Miaka hamsini na kitu. Mke alipokufa yeye aliendelea. Hakuna duka lililokuwa na mbegu ile. Na Jumapili iliyopita, siku moja baada ya mimi kusema injini imekufa, alivipeleka vyote kwenye jiko la kanisa lao, magunia mawili, kwa sababu huko Maplewood hakuna mahali pa kupanda na hakupenda vioze. Wakavipika Jumatano, supu.

"Vyote?" nikauliza.

"Nilikuamini," akasema.

Nilimwambia nitatafuta. Nilimwambia nitapita jikoni kwao, labda vimebaki, labda mtu alichukua kimoja nyumbani. Alitikisa kichwa. Alikuwa ameshapita jana, alipoanza kujuta, ndiyo maana simu yangu haikujibiwa. Hakikubaki hata ganda.

Hapo ndipo nilipolia. Sikupanga, na wala sikujua inakuja. Nilishika tairi kubwa la nyuma nikalia kwa sauti, kilio cha nyumbani, kile cha kupiga mayowe, ambacho watu wa kule hawajawahi kukisikia uani mwao. Mzee alishtuka. Alizima trekta, akashuka polepole kwa goti lake bovu, akasimama karibu yangu asijue aweke wapi mikono.

"Ni viazi tu, kijana," akasema. "Ni viazi tu."

"Baba yangu amekufa," nikamwambia. "Amekufa mwezi wa pili. Nilimwambia ni vumbi. Nilimwambia itatoka, na akaniamini. Na wewe nilisikia haina mpigo, mzee, nilisikia, na sikujali."

Binti alikuwa ametoka mlangoni. Sikusamehewa kwa maneno, na sikuomba. Mzee alivua koti la suti akampa binti yake, akalegeza tai, akaniuliza kama najua kulima kwa plau ya mistari miwili. Nikasema najua. Akasema goti lake haliwezi tena klachi, alikuwa hajamwambia binti yake hilo, na sasa amemwambia.

Nikafuta pua kwa kitambaa cha oili, nikapanda. Yeye alitembea pembeni kwenye udongo mbichi na viatu vyake vya kanisani, akinionyesha kwa mkono niende wapi. Ilipofika saa nane mchana tulikuwa tumelima kipande chote hadi kwenye ua wa majirani, na hatukuwa na kitu cha kupanda.